Injini Iliyolishwa Samli

Bibi yangu aliniita mume wake tangu siku niliyozaliwa, na kama mke yeyote anayezijua haki zake, hakuwa na desturi ya kuniomba kitu. Aliniagiza. Kwetu Mugango hilo si jambo la ajabu: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, anadaiwa kuni, anasutwa mbele za watu kwamba hamtunzi mkewe, naye hana pa kushtaki. Kwa hiyo aliponitumia ujumbe Musoma mjini, kwenye kibanda nilikokuwa nikitengeneza baiskeli na cherehani, mjumbe hakusema bibi anaumwa wala ananikumbuka. Alisema, "Mke wako anasema urudi nyumbani na spana zako zote." Wateja wawili waliokuwa wakisubiri baiskeli zao walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na kichwa kilichovimba. Enzi hizo za Mwingereza fundi kijana mwenye sanduku lake la spana alijiona nusu ya mkuu wa wilaya, na mimi nilijiona zaidi kidogo. Krismasi iliyopita nilikuwa nimemwambia bibi, mbele ya jamaa wote waliokuja kula mbuzi, kwamba mashine zote duniani ni mashine moja. Ukiijua cherehani umezijua zote. Hakuna aliyeniuliza. Nililisema tu, kwa raha ya kulisikia, na ndilo lililoniponza.

Mashine aliyoniitia ilikuwa injini ya boti ya marehemu babu, ile ndogo ya kufungwa nyuma ya chombo, yenye mguu mrefu unaozama majini na panga la kukata maji huko chini. Babu alikuwa nahodha wa Mzungu mmoja wa machimbo ya Buhemba aliyependa kushuka ziwani kuvua samaki siku ambazo dhahabu ilimchosha. Mzungu huyo aliporudi kwao moja kwa moja, alimwachia babu injini. Babu akaifunga kwenye boti yake, kisha akafanya kosa ambalo ukoo wetu haujawahi kuacha kulifanya: akatangaza. Alipeleka habari Kibara, ng'ambo ya maji, ambako mdogo wake bibi alikuwa ameolewa, kwamba siku fulani waje wote ufukweni wasikie watakavyokuja.

Walikuja wote, na hawakusikia kitu. Injini ilizima katikati ya safari, babu akafika anapiga kasia jasho likimtiririka, na bibi amekaa mbele na kanga mpya kama aliyemeza pilipili. Mdogo wake, ambaye ulimi wake ulizaliwa umenolewa, aliwapokea kwa kuuliza kama lile chuma ni abiria, na kama limelipa nauli. Kibara walicheka mwaka mzima. Kila muuza samaki aliyevuka kuja kwetu aliulizia hali ya abiria.

Bibi alimtania kila mtu, padri pamoja, lakini hakuzoea kurudishiwa. Alikula yamini kwamba hatakanyaga tena ufuko wa Kibara mpaka wamsikie anakuja. Halafu babu akafa. Mdogo wake alivuka kuja msibani, wakalia pamoja wameshikana mabega, lakini bibi hakuvuka kwenda kulipa ile safari. Ilipita miaka saba.

Basi nilipofika na spana zangu alikuwa amekaa nje anapepeta ulezi, na hakuinua kichwa. Akaniambia kwamba muuza samaki ameleta habari: macho ya mdogo wake yameingia ukungu. Moja limekwisha kufunga. La pili linaona mwanga, na sura ya mtu akisogea karibu sana. Ameomba dada yake aende amwone uso kabla na hilo halijafunga.

Nilimwambia jambo lililo wazi: kesho asubuhi mitumbwi mitatu inavuka kwenda Kibara, na yeye hana uzito wa kuwashinda wapiga kasia.

"Nilisema nitasikika," akasema.

Hapo nikapandwa na hasira, maana nami nina hasira za karibu. Nilimwambia kiapo cha utani hakilingani na jicho la mtu, kwamba ukaidi wake utamfanya akafike huko kuhani msiba badala ya kusalimia. Aliniacha nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini, akaniangalia kama mke anavyomwangalia mume aliyerudi mikono mitupu.

"Wewe ni fundi," akasema, "ama ulikuwaga unanidanganya tu pale kwenye mbuzi?"

Ng'ambo kulikuwa na jicho linafunga, huku kulikuwa na mwanamke asiyerudisha neno, na katikati kulikuwa na mimi na mdomo wangu wa Krismasi. Nikauliza injini iko wapi.

Ilikuwa kwenye ghala la ulezi. Bibi aliitunza kwa miaka saba kwa mapenzi yote na kwa ujuzi wote aliokuwa nao, na ujuzi aliokuwa nao ulikuwa wa kutunza vyungu na ng'ombe. Aliiosha kwa majivu. Aliitundika kichwa chini ili panya wasiipate. Aliziba kila tundu kwa nta, nyigu wasijenge. Na kila mwezi ulipoandama aliipaka samli nje, akaitia samli kidogo na ndani, kwa sababu babu aliwahi kumwambia kwamba injini ikikosa mafuta inakufa. Babu hakusema mafuta gani. Kwa bibi mafuta ya heshima yalikuwa samli, ndiyo anayopewa mzazi, ndiyo anayopewa mgeni mkubwa, na hakuona kwa nini injini ya mumewe ipewe kitu cha chini ya hapo.

Niliifunga nyuma ya baiskeli kwa ngozi ya mbuzi iliyokuwa ikifunikiwa, nikashika njia ya Musoma. Mbwa watano walinisindikiza. Kila kijiji nilichopita mtu alitoka kuniuliza nauza nyama kwa kiasi gani, na nilipokataa waliniona mchoyo. Kwenye mlima mmoja mama mmoja alinibariki na kunipa pole ya msiba. Nikaipokea tu, maana nilikuwa nimechoka kueleza.

Fundi wangu, bwana aliyenifundisha kazi, alikuwa Mwislamu ambaye baba yake alitokea Manyema na mama yake alizaliwa Tabora, mtu mpole, mwenye Kiswahili safi kilichotufanya sisi wa ziwani tuone haya kufungua midomo. Aliiweka injini juu ya meza, akaizunguka, akainama akainusa.

"Mwanangu," akasema, "hii umeileta tuitengeneze au tuile?"

Nilimweleza habari yote, na nilipofika kwenye jicho aliacha kutabasamu. Alikiri kwamba injini za boti hazijui sana. Amewahi kusaidia kufungua mbili tu, kule gatini. Lakini alijua jambo moja ambalo mimi sikulijua, nalo ni subira. Pistoni ilikuwa imeganda. Ukishika gurudumu la juu kuizungusha, ni sawa na kushika jiwe la msingi la kanisa. Mimi nilichukua nyundo. Fundi aliniondolea nyundo mkononi, akaiweka kwenye rafu ya juu ambako sifiki bila kiti. Akafungua plagi, akamimina mafuta ya taa kwenye tundu lake, akafunika kwa kitambaa, akarudi kwenye cherehani ya mteja. Akasema ngoja. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka itakapotaka.

Siku nne zilipita hivyo, na sijawahi kuchukia siku kama nilivyozichukia zile. Kila asubuhi nilijaribu gurudumu, kila asubuhi halikutikisika, na kila asubuhi nilifumba jicho langu moja, kisha nikalikunja la pili likabaki ufa tu, nipime yule bibi mwingine anaona nini leo. Mteja mmoja alinikuta hivyo akadhani nimeingiwa na wazimu. Watu husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza zaidi ya tumbo, kwa kuwa nilijua ningekuwa nimemnyamazisha bibi siku ile ile kwa kusema neno moja, kwamba sijui. Angenidharau wiki moja, halafu angepanda mtumbwi. Sikulisema kwa sababu ya sifa.

Siku ya tano gurudumu lilisogea upana wa kidole. Nilipiga kelele hadi muuza kahawa akaja mbio na birika lake.

Baada ya hapo kazi ilikwenda, ingawa kwa vituko. Kabureta tuliifungua tukakuta samli iliyogeuka kuwa sabuni ya manjano, na ndani yake punje za ulezi, mbili zikiwa zimeota na kufa. Tuliosha kila kitundu kwa petroli na unyoya wa kuku. Platini, zile ncha mbili zinazoachana ili cheche ipatikane, zilikuwa na kutu, tukazisugua kwa msasa mwembamba. Tukabadilisha oili ya kule chini mguuni. Kisha fundi akaniambia nishike plagi niigusishe kwenye chuma, tuone kama inatoa cheche atakapovuta kamba. Nikaishika vibaya. Cheche ilipita kwangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba cherehani na injini si ndugu hata wa kambo. Fundi akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba cheche ipo.

Tuliitia ndani ya pipa la maji nyuma ya kibanda, tukachanganya petroli na oili, nikazungusha kamba kwenye gurudumu nikavuta. Nikavuta siku nzima. Kesho yake nikavuta na mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuinuka. Karibu na adhuhuri ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikaunguruma, maji ya pipa yakaruka yakatulowesha sote, na moshi wa samli ya miaka saba ukatanda mtaa mzima. Wanawake walianza kutokea mmoja mmoja, wakiuliza kwa adabu ni nani anayekaanga, na kama ni harusi mbona hawakuambiwa. Nilimkumbatia fundi wangu, jambo ambalo hatukuwa tumezoea, na niliona amefurahi.

Nilirudi Mugango na injini iliyofungwa kwa turubai safari hii. Nilimsihi bibi jambo moja tu, kwamba asitangaze. Akasema sawa. Alikuwa ametangaza siku mbili nyuma.

Tulivuka asubuhi ziwa likiwa limetulia. Tulikuwa watatu: bibi mbele na kanga ile ile ya mwaka wa aibu, iliyokaa sandukuni miaka yote, mimi nyuma na injini, na katikati baba mdogo wangu, mvuvi, aliyechukuliwa kwa tahadhari. Kasia lake bibi aliamuru lifichwe chini ya ngozi, lisionekane na mtu. Nilivuta kamba mara tatu, injini ikawaka, na ile boti ambayo siku zote niliijua kama kitu cha kusukumwa ikainua pua yake ikaondoka. Sitaficha, nililia kidogo, nikasingizia upepo. Bibi hakugeuka nyuma hata mara moja. Lakini nilimwona mgongo wake, umenyooka kama wa msichana anayebeba mtungi wa kwanza, na nilijua anaongea na babu.

Iliunguruma njia yote bila kosa. Tuliupita mwamba wa mwisho, ufuko wa Kibara ukafunguka, watu wamejaa, wengine wamepanda juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Niliwaona wakinyoosha vidole. Nilianza kutunga kichwani nitakavyoshuka, mguu upi kwanza.

Injini ikakohoa, ikazima.

Ukimya ulioingia siusahau. Nilivuta kamba. Nikavuta tena. Nikafungua kabureta, na kutoka humo likanidondokea tone zito, la manjano, lenye harufu nzuri kabisa. Samli mpya. Haikuwa ya miaka saba, ilikuwa ya wiki hii. Nikainua uso nikamwangalia bibi.

"Kijiko kimoja tu," akasema, bila kunitazama. "Asubuhi, mkiwa mnakunywa uji. Sijawahigi kumtoa msafiri kwangu na njaa."

Baba mdogo akaingiza kichwa katikati ya magoti, mabega yakamtikisika. Mimi sikuweza kucheka. Kutoka ufukweni kicheko kilikuwa kimeshaanza, kile kile cha zamani, na mtu akapaza sauti kumwulizia abiria. Nilitamani ziwa lifunguke. Siku zote zile, mafuta ya taa, cheche, mkono usioinuka, halafu tunafika vile vile kama babu. Nikaogopa kumtazama bibi, kwa kuwa nilidhani nitaona fedheha iliyomkaa miaka saba ikirudi mahali pake.

Lakini bibi hakuwa anawatazama waliocheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

Nami nikamwona. Alisimama mbele ya wote, maji yakimfika kwenye vifundo, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umeinuliwa kwa hamu, lakini haukutuelekea sisi. Ulielekea mbali kushoto kwetu, kwenye maji matupu, kule ambako sauti ya mwisho ya injini ilikuwa imepotelea kwenye miamba. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Alikuwa anatutafuta kwa masikio. Jicho la pili lilikuwa limekwisha kufunga, na hakuna aliyetuambia, pengine yeye mwenyewe alikataza.

Tulikuwa tumechelewa. Sikuwahi kuona aibu kama hiyo maishani, na haikuwa aibu ya injini.

Bibi akasema taratibu, "Unguruma."

Sikumwelewa. Nikasema, "Bibi, imezima."

"Unguruma, mume wangu. Hajui tuko wapi."

Nikaunguruma. Nilikunja midomo nikaitikisa kwa pumzi, brrrr, kama watoto wanapoendesha gari la mti, mimi fundi wa Musoma mjini, mwenye sanduku la spana, mbele ya Kibara yote. Baba mdogo akatoa kasia chini ya ngozi akalizamisha polepole, lisipige maji. Uso wa yule bibi ukatulia. Ukageuka, ukatupata. Akatabasamu kwa kinywa chote, na nyuma yake nikaona jambo ambalo mpaka leo linanifanya niwapende watu wa Kibara: kicheko kilikatika. Walituona waziwazi, kasia likipanda na kushuka, mashavu yangu yamevimba kama ya chura, na hakuna mmoja aliyetoa sauti. Wanawake walikuwa wameziba midomo kwa kanga. Yule aliyemwulizia abiria alikuwa amevua kofia.

Nilipoishiwa pumzi baba mdogo akapokea, kwa sauti nzito zaidi, kana kwamba tumebadilisha mwendo. Niliporudiwa na pumzi nikamwunga mkono. Tuliunguruma wawili hadi boti ikagusa mchanga, na hapo nikaizima injini kwa heshima, ikipungua kidogo kidogo, kama nilivyoisikia kwenye pipa.

Bibi alishuka majini mwenyewe, kanga ya sandukuni na yote. Walishikana. Mdogo mtu alipitisha vidole usoni mwa dada yake, kwenye paji, mashavuni, kwenye pengo la jino, bila haraka. Akasema, "Umezeeka, dada." Bibi akamjibu kwamba kipofu hana ushahidi. Wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na sikuweza kutofautisha kipi ni kipi.

Kisha yule bibi akanyoosha mkono akanitafuta, kwa kuwa kwa desturi yetu mume wa dada ni mume wake pia. Nikasogea nikainamisha kichwa. Akanishika mashavu, vidole gumba vikapita juu ya midomo yangu, iliyokuwa imelowa mate na bado inacheza yenyewe. Vikarudi tena. Nikajua amejua. Dada yake alikuwa amegeuka anatazama ziwa, amejitia hamnazo.

"Nilikuwa naisikiaga tangu kule mwambani," yule bibi akasema kwa sauti ya kusikika na ufuko wote. "Injini nzuri. Haikunyamaza hata kidogo."

Halafu akawageukia wasichana waliokuwa nyuma yake, akawaambia walete maji, injini imetoka mbali na ina kiu. Kibuyu kikapita mkono kwa mkono katika watu wale waliokuwa kimya, kikampita bibi, kikampita baba mdogo, kikafika kwangu. Nikanywa chote.